Habari za Kiwanda cha New Stanton

Kusini-mashariki ya mji wa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mahali ambapo barabara kuu hupita kati ya vilima vilivyochimbwa makaa ya mawe kwa vizazi vingi, lilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1970 jengo moja kubwa mno, lenye paa na nguzo za chuma lakini halina mitambo ndani yake, ambalo kampuni ya Chrysler ilikuwa imelianza kwa nia ya kuunda magari, kisha ikaliacha kabla ya gari hata moja kutoka mlangoni. Watu wa wilaya ya Westmoreland, ambao baba zao walikuwa wachimbaji wa makaa na wafua chuma, walilipita kila siku wakienda na kurudi katika shughuli zao, hata wakalizoea kama watu wa pwani yetu wanavyolizoea gofu la jumba la kale lililo kando ya mji, ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitazama.

Nimelichagua jengo hilo kwa makusudi. Katika siasa za nchi tajiri limekuwa neno la kila siku kwamba kazi zimepelekwa ng'ambo, na anayelisema neno hilo aghalabu huwa amesimama upande mmoja tu wa bahari, akitazama shehena inayoondoka asiione inapotua. Walakini jengo la New Stanton, katika muda wa miaka kumi na miwili tu, liliziona pande zote mbili, kwa kuwa kwanza lilikuwa ndiko kazi za watu wengine zilikohofiwa kwenda, na baadaye likawa ndiko kazi zilikoondoka, na watu walioshangilia mlangoni pake siku ya kwanza ni wale wale waliotoka siku ya mwisho wakiwa wamenyamaza.

Habari yenyewe inaanzia mbali na Pennsylvania. Inaanzia Wolfsburg, mji wa Ujerumani ya Kaskazini uliojengwa kwa ajili ya kiwanda, ambako kampuni ya Volkswagen ilikuwa ikiunda lile gari dogo lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma ambalo sisi wa Afrika ya Mashariki tulilijua vizuri, maana liliwahi kushinda mbio za Safari zaidi ya mara moja, na walimu na matabibu walilipenda kwa sababu injini yake ilipozwa kwa hewa, wala halikuwa na maji ya kuchemka njiani. Nalikumbuka la mwalimu mmoja wa mtaani kwetu, ambalo asubuhi za mvua tulikuwa tukilisukuma watoto sita au saba hadi liwake, na mvuke ukipanda juu ya bati lake la nyuma likishapata moto. Mwaka 1972 idadi ya magari ya namna hiyo yaliyokwisha kuundwa ilipita 15,000,000, ikaishinda ile ya Model T ya Henry Ford, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na mfano duniani. Soko kuu la ng'ambo lilikuwa Marekani, ambako katika mwaka 1970 peke yake kampuni iliuza magari yapatayo 570,000. Na kwa ajili ya soko hilo ilikuwa imejenga, mwaka 1964, kiwanda kizima huko Emden, bandari iliyo karibu na Bahari ya Kaskazini, ili gari likitoka kiwandani liingie marikebuni moja kwa moja.

Kisha ikaja taabu ya fedha. Mwaka 1969 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa mark 4 za Kijerumani au karibu yake, na mwishoni mwa 1978 haikufika hata mark 2. Tuchukue mfano wa gari linaloigharimu kampuni mark 8,000 kuliunda: kwa hesabu ya kwanza kampuni huzirudisha fedha zake kwa kuliuza Marekani dola 2,000, na kwa hesabu ya pili yapasa iliuze dola 4,000, ingawa fundi wa Emden hakuongezewa hata senti moja na bati ni lile lile. Mnunuzi wa Marekani hakuwa na haja ya kujua habari za mabenki. Aliona tu kwamba gari la Kijerumani limepanda bei, na gari la Kijapani limesimama karibu nalo likiwa rahisi zaidi. Mwaka 1974 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya mark milioni 800, na mwaka uliofuata ukatolewa mpango wa kupunguza watu 25,000 kazini, wengi wao kwa kupewa kiinua mgongo waondoke wenyewe.

Rudolf Leiding, aliyekuwa mkuu wa kampuni katika miaka hiyo, aliona dawa ni moja tu, nayo ni kuunda magari huko huko yanakouzwa, kwa dola na kwa mafundi wanaolipwa dola. Hapo ndipo alipokutana na jambo ambalo katika nchi nyingi mkuu wa kiwanda hakutani nalo. Sheria ya mwaka 1960 iliyoigeuza Volkswagen kuwa kampuni ya hisa ilikuwa imeweka sharti kwamba kiwanda kipya kisianzishwe wala cha zamani kisihamishwe ila kwa ridhaa ya thuluthi mbili ya baraza la usimamizi. Na katika baraza hilo, pamoja na wenye hisa wa kawaida, waliketi wajumbe wa serikali kuu ya Ujerumani na wa jimbo la Niedersachsen, kila mmoja akiwa na sehemu yake katika mali, na waliketi vile vile wajumbe wa wafanyakazi, ambao mkubwa wao alikuwa Eugen Loderer, mwenyekiti wa chama cha mafundi chuma, IG Metall. Leiding alipeleka hoja yake barazani akarudi bila ridhaa, na mwanzoni mwa 1975 akaondoka katika uongozi.

Yafaa tuisikilize hoja ya wale waliokataa, kwa sababu ni hoja ile ile ambayo baadaye Wamarekani waliitoa juu ya Meksiko, na waliitoa kana kwamba haijapata kusemwa na binadamu mwingine. Watu wa Emden walisema kwamba kila gari litakaloundwa Marekani ni gari moja lisilopakiwa katika bandari yao. Kwamba mji wao hauna kazi nyingine ya kulingana na hiyo. Na kwamba kampuni iliyojengwa kwa jasho la Wajerumani, ambayo serikali yao bado ina sehemu ndani yake, haina haki ya kubeba riziki yao kuivusha bahari wakati maelfu wanaambiwa waende nyumbani. Wenye kuutetea mpango wakajibu kwamba magari ambayo hayatauzwa hayatapakiwa bandarini vile vile, na kwamba likifa soko la Marekani watakaokosa kazi ni waundaji wa magari pamoja na waundaji wa injini. Bali kikijengwa kiwanda huko, injini na gia zitaendelea kutoka Ujerumani, na nusu ya mkate ni bora kuliko kulala na njaa. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Lililonivutia mimi ni kwamba pande zote mbili zilikaa katika chumba kimoja, na upande wa mafundi haukukaa kama mwombaji.

Aliyemfuata Leiding alikuwa Toni Schmücker, mtu aliyelelewa kikazi katika kiwanda cha Ford mjini Cologne, na hilo lina maana yake, kwa kuwa jiwe la msingi la kiwanda hicho liliwekwa mwaka 1930 na Henry Ford mwenyewe, mbele ya meya Konrad Adenauer, katika zama ambazo Wamarekani walikuwa wakivuka bahari kwenda kuunda magari katika nchi za wengine ili kuuruka ukuta wa ushuru wa forodha. Walikuwa wameanza mapema sana: mwaka 1904, kampuni ya Ford ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilikuwa imekwisha kufungua tawi ng'ambo ya mto wa Detroit, upande wa Kanada, mwaka 1911 ikaingia Manchester. Katika miaka yote hiyo sikuona mahali palipoandikwa kwamba watu wa Detroit waliziita hizo kazi zilizoibwa, maana kazi za kwao nazo zilikuwa zikiongezeka kila mwaka, na mtu aliyeshiba hahesabu matonge ya mwenzake. Schmücker, basi, alikuwa ameyaona mambo hayo kwa upande wa wanaopokea. Alijadiliana na Loderer na wajumbe wenzake kwa muda mrefu, akaahidi kwamba kazi za Ujerumani zitalindwa, akaonyesha kwamba injini zitatoka kwao. Na mnamo Aprili 1976 baraza likaridhia.

Habari hiyo ilipofika Marekani, majimbo yalianza kushindana kama madalali sokoni. Ohio ilitaka kiwanda, Pennsylvania ilikitaka, na gavana wa Pennsylvania, Milton Shapp, akaamua kwamba hakitampita. Jimbo likatoa mkopo wa dola milioni 40 kwa riba ndogo sana, likaahidi kutandika reli hadi mlangoni na kuunganisha barabara, na kodi zikapunguzwa kwa miaka ya mwanzo; na gofu lile la Chrysler likapata mwenyewe. Tangu Rolls-Royce ilipofunga kiwanda chake cha Springfield, Massachusetts, mwaka 1931, hakuna kampuni kubwa ya kigeni iliyokuwa imeunda magari katika ardhi ya Marekani, na maombi ya kazi yalifika mengi mara nyingi kuliko nafasi zilizokuwapo. Madhali tanuri za chuma za bonde la Pittsburgh zilikuwa zimeanza kuzimwa moja baada ya moja, mtu mwenye watoto hakuuliza nafasi ile imetoka kwa nani.

Wala simlaumu. Sisi tulishangilia vile vile Volkswagen iliporudi Thika mwaka 2016 kuunganisha magari ya Polo Vivo kwa vipande vilivyoletwa kutoka Afrika Kusini, na ndugu zetu wa Kigali walishangilia mwaka 2018 gari la kwanza lilipounganishwa katika nchi yao. Na palipo na vijana wengi wasio na ujira, furaha ya namna hiyo haina dosari.

Tarehe 10 Aprili 1978 gari la kwanza lilitoka New Stanton. Lilikuwa Golf, ila huko waliliita Rabbit, yaani sungura. Mabati ya bodi yalichomelewa humo humo kiwandani, yakapigwa rangi, yakaingizwa katika mstari wa kuunganishia, ambako kila fundi alisimama penye kituo chake na gari likimpitia polepole, huyu akitia nyaya, huyu akitia kioo, huyu akikaza viti. Na kasha la injini likifunguliwa, maandishi yaliyopigwa juu ya chuma yalikuwa ya Kijerumani. Hiyo ndiyo ile nusu ya mkate waliyoahidiwa watu wa Ujerumani: kila sungura wa Pennsylvania alitembea kwa moyo ulioundwa kwao.

Haikupita hata miezi saba. Mnamo Oktoba mwaka ule ule wafanyakazi waliukataa mkataba ambao chama chao, kile cha mafundi magari, UAW, kilikuwa kimeupatana na kampuni, wakatoka nje kugoma, wakidai walipwe kama wanavyolipwa wenzao wa General Motors na Ford huko Detroit. Magazeti mengi yalishangaa, na wako walioandika kwamba watu hawa hawana shukrani. Mimi naona walikuwa na haki yao. Aliyepewa kazi hakupewa sadaka. Anayeunda gari lile lile kwa saa zile zile hana deni la fadhila kwa mwajiri, na laiti wangenyamaza siku ile, ujira wao mdogo ungekuwa ndiyo fimbo ya kuwapigia mafundi wa Detroit, kama ujira wa watu wengine ulivyokuja kuwa fimbo ya kuwapigia wao. Palikuwa na malalamiko mengine pia, nayo mazito: wafanyakazi weusi walishtaki kwamba walibaguliwa katika kuajiriwa na katika kupandishwa vyeo, na kesi zao zilichukua miaka.

Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri mno. Mapinduzi ya Irani ya mwaka 1979 yalipopandisha bei ya mafuta, magari madogo yalitafutwa kila mahali, na lile la dizeli lilingojewa kwa orodha ndefu ya majina. Watu walioajiriwa New Stanton walizidi 5,000, na kampuni ikanunua kiwanda cha pili huko Sterling Heights, karibu na Detroit. Lakini petroli iliposhuka bei, mnunuzi akarudi kwenye magari makubwa, na aliyebaki na hamu ya dogo alikwenda kwa Wajapani. Watu wanaojua magari walilalamika kwamba wakuu wa tawi la Marekani, ambao baadhi yao walitoka General Motors, walililainisha gari, wakalitia springi laini na mapambo ya rangi moja ndani kwa kufuata ladha ya Detroit, hata likapoteza kile kilichowafanya watu walitafute gari la Kijerumani. Mwaka 1983 kile kiwanda cha Sterling Heights, kabla ya kuunda gari lolote la Volkswagen, kiliuzwa kwa Chrysler. New Stanton ikaendelea, ikitumika kila mwaka chini ya nusu ya uwezo wake.

Hapa ndipo panapostahili hadhari, kwa sababu jawabu lililo jepesi ni kusema kwamba ujira wa Marekani ndio ulioua kiwanda. Honda ilianza kuunda magari Marysville, Ohio, mnamo Novemba 1982. Nissan ikafuata Smyrna, Tennessee, mwaka 1983. Toyota ikatoa gari lake la kwanza huko Georgetown, Kentucky, mnamo Mei 1988, na wote hao walilipa ujira wa Kimarekani kwa dola za Kimarekani, wakastawi. Ni kweli kwamba walichagua mashamba yasiyo na desturi ya vyama vya wafanyakazi, na hilo liliwafaa. Ila fundi wa New Stanton hakuchora gari wala hakuchagua ulaini wa springi. Walioamua yote hayo hawakuwa na nyumba ya kulipia karibu na kiwanda.

Ghadhabu ya miaka hiyo, aghalabu, haikuwaangukia walioamua. Mnamo Juni 1982, katika eneo la Detroit, kijana mwenye asili ya Kichina, Vincent Chin, aliyekuwa akisherehekea siku za mwisho kabla ya ndoa yake, alipigwa kwa gongo la besiboli na watu wawili, mmoja wao msimamizi katika kiwanda cha Chrysler, waliomfanya kuwa mmoja wa Wajapani wanaowanyang'anya watu kazi, akafariki baada ya siku chache. Na hakimu akawatoza faini ya dola 3,000 kila mtu na kuwaachia chini ya uangalizi. Nikiisoma habari hiyo naona ubaya wa neno kuibiwa: likishasemwa, watu humtafuta mwizi, na humtafuta karibu, katika sura ya mtu mnyonge kama wao.

Mnamo Novemba 1987 kampuni ilitangaza kwamba New Stanton itafungwa. Uamuzi ulipitia Wolfsburg, chini ya Carl Hahn, mkuu wa wakati huo, na katika baraza lile lile la usimamizi; na sasa, kwa sheria ya mwaka 1976 ya kuwashirikisha wafanyakazi katika uongozi wa makampuni makubwa, nusu ya viti vya baraza ilikuwa ya wafanyakazi. Lakini sheria hiyo ni ya Ujerumani, na inamhesabu mfanyakazi aliye ndani ya mipaka ya Ujerumani. Fundi wa Emden alikuwa na kiti. Fundi wa Pennsylvania, ambaye chama chake kilikuwa na nguvu za kusimamisha miji mizima ya Michigan, hakuwa nacho, wala hakuwa na mtu wa kuuliza kwa niaba yake barazani swali ambalo Loderer aliliuliza mwaka 1976, yaani watu hawa watakwenda wapi na watapewa nini. Alikuwa na gavana na mkopo wa jimbo, na vyote viwili havikuingia katika chumba kile.

Ni jambo hili, kuliko bei ya petroli na thamani ya mark, lililonifanya niiandike historia hii. Mtaji husafiri, wafanyabiashara wa majahazi walilijua hilo kabla ya magari kuwako. Mfanyakazi ana nyumba isiyomalizika kulipiwa, ana mtoto aliye katikati ya mwaka wa shule, ana mama mzee ambaye hakubali kuhama. Aliyeweza kuuchelewesha mtaji safari yake, na kuutoza kitu kabla haujang'oa nanga, alikuwa yule tu aliyeketi mahali panapotolewa idhini ya kusafiri.

Gari la mwisho lilitoka tarehe 14 Julai 1988. Katika miaka kumi na kidogo jengo lilikuwa limeunda magari zaidi ya milioni moja, na waliobaki siku ile ya mwisho walikuwa watu wapatao 2,500, nusu ya waliokuwapo katika siku za neema.

Na kazi zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda Puebla, nchini Meksiko, ambako Volkswagen ilikuwa na kiwanda tangu miaka ya 1960, baada ya serikali ya huko kuagiza, kwa amri ya mwaka 1962, kwamba anayetaka kuuza magari Meksiko aunde sehemu kubwa ya gari humo nchini. Katika midomo ya wengi huko kaskazini, mtu wa Puebla ndiye aliyeneemeka. Lakini mwaka 1987, katika majira yale yale New Stanton ilipokuwa ikipimwa kaburi, mafundi wa Puebla waligoma kwa karibu miezi miwili kwa sababu kampuni ilitaka kuwapunguzia ujira, na hawakurudi kazini hadi shauri la kupunguza lilipoachwa. Mwaka 1992, miaka minne tu baada ya Pennsylvania kufungwa, walipogoma tena katika ugomvi juu ya mkataba mpya wa kazi, kampuni iliruhusiwa kuuvunja mkataba wa zamani, watu zaidi ya 14,000 wakaachishwa kazi kwa mara moja, kisha wakaajiriwa upya, isipokuwa waliotajwa kuwa wakorofi, kwa masharti ambayo hawakuyachagua. Mwishoni mwa mwaka huo huo wakuu wa Marekani, Kanada na Meksiko walitia saini mkataba wa biashara huria, ulioanza kutumika Januari 1994, na mjadala wote wa Marekani ukawa juu ya kazi zitakazokwenda kusini. Sikuona mahali ambapo wale 14,000 walitajwa katika mjadala huo.

Mitambo nayo ilikuwa na safari yake. Katika mji wa Changchun, kaskazini-mashariki ya China, kilikuwapo kiwanda cha serikali, FAW, kilichoanzishwa mwaka 1953 na kuunda malori ya kwanza ya nchi hiyo, ambacho sasa kilitafuta njia ya kuunda magari madogo. Kilinunua mitambo ya New Stanton. Mstari wote, pamoja na vitu vilivyokuwa vimeshikwa kwa mikono ya watoto wa wachimbaji wa Westmoreland kwa miaka kumi, ulifunguliwa na kung'olewa sakafuni, ukapakiwa, ukavushwa bahari. Na mwaka 1991 Volkswagen na FAW zikaunda kampuni ya ubia huko Changchun. Magari ya Jetta yaliyotoka hapo yakawa teksi za miji mingi ya China, na abiria aliyepanda moja usiku wa theluji hakuwa na sababu ya kujua kwamba asili ya kiwanda chake ilikuwa katika vilima vya Pennsylvania.

Jengo lenyewe lilipata mpangaji mwingine, kampuni ya Sony ya Japani, iliyounda humo televisheni kwa miaka kadhaa, kisha nayo ikaondoka. Volkswagen ilirudi Marekani, lakini haikurudi kaskazini. Ilikwenda Chattanooga, Tennessee, ikafungua kiwanda mwaka 2011. Chama cha UAW kiliwaomba mafundi wa huko wakipigie kura mwaka 2014, kikashindwa kwa kura 712 dhidi ya 626. Kikaomba tena mwaka 2019, kikashindwa tena kwa tofauti ndogo. Wanasiasa wa jimbo walikuwa wameonya waziwazi kwamba chama kikiingia, kazi zitatoka. Mnamo Aprili 2024 kura zikahesabiwa mara ya tatu: 2,628 zilikitaka chama na 985 zilikikataa.

Mwaka huo huo, katika mwezi wa Septemba, Volkswagen ilitangaza kwamba huenda ikafunga viwanda nchini Ujerumani kwenyewe, jambo ambalo hadi hapo halikuwa limepata kutokea tangu kampuni ianze. Magari ya China yalikuwa yameshinda katika soko la China, na gharama za Ujerumani zilikuwa zimepanda. Miongoni mwa miji iliyotaharuki ulikuwamo Emden, ambao sasa huunda magari ya umeme badala ya yale ya mgongo wa mviringo. Maelfu kwa maelfu wakaweka zana chini kwa saa kadhaa, wakarudi, wakaweka tena. Wajumbe wa kampuni na wa IG Metall wakajifungia Hannover katika mazungumzo ya mwisho yaliyochukua zaidi ya saa 70, na tarehe 20 Desemba wakatoka na mapatano: kazi zaidi ya 35,000 zitapunguzwa hadi mwaka 2030, nyongeza za ujira zitaahirishwa, wala hapana mtu atakayeachishwa kwa nguvu. Ni mapatano machungu, na mafundi wengi wa Ujerumani waliyapokea kwa uchungu. Kiwanda cha Emden kikabaki wazi.